Kolwezi: Gari inachemka kila siku, kuongeza maji si dawa

Mwezi wa tisa na wa kumi, joto linapopanda na mvua bado haijashuka, mtu akipita barabara ya Mutoshi hashangai kukuta taksi imesimama kando, kapo wazi, mvuke unapanda, na shofere ameshika bidoni mkononi. Anangoja kidogo, anamimina maji, anawasha, anaendelea na abiria wake. Kesho yake ni vile vile. Siku moja gari inakataa kuwaka, na fundi wa garaji anamwambia kulasi imepinda.

Kwa mtu anayeendesha gari ya mwingine, hiyo ni habari mbaya mara mbili. Kazi inasimama, lakini versema, ile pesa ya kumrudishia mwenye gari kila siku, haisimami. Wengine wanapoteza gari kabisa, kwa sababu bei ya kutengeneza moteri inakaribia bei ya kununua moteri nyingine ya okazyo. Na mara nyingi chanzo kilikuwa kitu kidogo ambacho mtu angeweza kukiona mapema kwa macho tu, bila mashine yoyote.

Kuchemka si ugonjwa. Ni kama homa: inaonyesha kuna kitu ndani. Mtu mwenye malaria ukimwagia maji kichwani atapoa kidogo, lakini malaria iko pale pale.

Joto linatoka wapi

Ndani ya moteri mafuta yanawaka kwa joto linalopita digri 2000. Si nguvu yote ya mafuta hayo inayosukuma gari. Karibu theluthi moja inageuka joto ambalo lazima litolewe na maji, la sivyo vyuma vinapanuka, vinakwaruzana na kukamatana. Pompi inasukuma maji yapite kwenye bloku na kulasi, yachukue joto, yaende kwenye radiatere. Pale radiatere inayagawa kwenye vijia vyembamba vyenye mapezi, na upepo unapita katikati na kuondoka na joto. Pikipiki nyingi za wewa hazina radiatere. Tazama mapezi ya chuma kwenye moteri yake, upepo unapita pale pale. Kazi ni ileile, kwa njia fupi.

Zamani radiatere nyingi zilitengenezwa kwa shaba, kwa sababu shaba inapitisha joto vizuri kuliko aluminyo. Leo magari madogo mengi yana radiatere ya aluminyo yenye vichwa vya plastiki, nyepesi na ya bei ndogo. Kwa watu wa Mutoshi, mahali ambapo zamani paliitwa Ruwe na ambapo shaba imechimbwa tangu enzi za Wabelgiji, jambo hilo lina uchungu kidogo. Lina matokeo pia: radiatere ya shaba fundi yeyote mwenye moto na risasi aliweza kuiziba, lakini kichwa cha plastiki kikipasuka, gundi haidumu. Inabadilishwa.

Hapa maji hayangoji digri 100

Shuleni kila mtoto anafundishwa kwamba maji yanachemka kwa digri 100. Hiyo ni kweli kandokando ya bahari, Dar es Salaam au Banana. Kolwezi iko juu, zaidi ya metre 1400. Hewa ya huku inagandamiza kidogo kuliko ya pwani, kwa hiyo maji kwenye sufuria yanachemka kwa digri 95 hivi. Mama anayepika maharage Kolwezi anajua hayaivi haraka, hata kama hajawahi kuambiwa sababu.

Sasa fikiria moteri. Gari yenye afya inafanya kazi kati ya digri 85 na 95 hivi. Maana yake, kama maji yangekuwa wazi kama ya sufuria, hapa Kolwezi yangekuwa tayari kwenye mpaka wa kuchemka katika safari ya kawaida kabisa. Kinachoyazuia ni bushoni ya radiatere.

Watu wengi wanaiona bushoni kama kifuniko cha chupa tu. Si hivyo. Ndani yake kuna springi na mpira vinavyoshikilia mgandamizo. Maji yakigandamizwa hayachemki upesi. Nguvu yake imeandikwa juu: 0.9 au 1.1, kwenye nyingi za Kijapani utasoma 88 au 108, ni kipimo kingine cha kitu kile kile. Bushoni nzima ya 1.1 inafanya maji ya Kolwezi yasichemke mpaka yapite digri 115. Mpira ukichakaa, mgandamizo unatoroka, tunarudi kwenye digri 95.

Hapo ndipo hesabu inaharibika. Vantilatere ya umeme, katika magari mengi, inangoja maji yapite digri 90 na kitu ndipo ianze kuzunguka. Bushoni ikiwa imekufa, maji yanaanza kuchemka karibu na wakati ule ule vantilatere inapoamka. Shofere anaona mvuke, anasema vantilatere imechoka. Anabadilisha vantilatere, tatizo linabaki. Anabadilisha radiatere, tatizo linabaki, maana amerudisha bushoni ile ya zamani juu ya radiatere mpya. Gari nyingi za huku ni za okazyo kutoka Japani, zimeshuka bandarini Dar es Salaam, zikapita Zambia na Kasumbalesa. Bushoni iliyochoka ambayo pwani ilivumilika, huku juu inakuwa shida, bila kitu kingine kubadilika.

Kuikagua ni rahisi, moteri ikiwa baridi kabisa. Fungua, tazama mpira: ukiwa umepasuka, umekuwa mgumu au una alama ya kukatwa, tupa. Bonyeza springi, ikizama bila ubishi, tupa. Kuna na valvu ndogo katikati, inayoruhusu maji kurudi kutoka kwenye kopo la akiba wakati moteri inapoa. Hiyo ikikwama, asubuhi utakuta mpira mkubwa wa juu, ule mafundi wanaita diriti, umebonyea kama umenyonywa. Bushoni ni kati ya vipande vya bei ya chini kabisa katika gari nzima. Inunuliwe yenye namba ile ile, si yoyote inayoingia. Kuweka yenye nguvu kupita kiasi ili kuwa salama nako ni hatari: diriti za zamani zitapasuka.

Inachemka saa ngapi?

Fundi mzuri, kabla ya kushika ufunguo, anauliza maswali. Gari inachemka wakati gani? Jibu la swali hilo linapunguza nusu ya kazi.

Ikichemka wakati imesimama, sokoni au kwenye foleni ya makamio, lakini ikikimbia inapoa, basi upepo ndio unakosekana. Gari ikikimbia inapata upepo wa bure. Ikisimama inategemea vantilatere. Washa klima: katika magari mengi vantilatere lazima izunguke mara moja. Isipozunguka, angalia fizibo, rele, waya zake, kisha moteri yake ndogo. Kwenye kamio na magari makubwa ya mazuti, vantilatere inashikwa na kifaa chenye mafuta mazito ndani. Moteri ikiwa imezimwa na ni ya moto, ukiizungusha kwa mkono na inazunguka huru kabisa, kifaa hicho kimekwisha. Madereva wanaolala siku kadhaa kwenye msururu wa Kasumbalesa, moteri ikinguruma bila kutembea, wanalijua tatizo hili vizuri.

Ikichemka wakati inapanda au inakimbia na mzigo, kwa mfano kwenye barabara ya kitaifa nambari 39 kuelekea Nguba na Likasi, lakini mjini iko sawa, basi joto ni jingi kuliko radiatere inavyoweza kutoa. Hapa mshukiwa wa kwanza ni vumbi. Vumbi letu jekundu linaingia katikati ya mapezi, linachanganyika na mafuta kidogo na wadudu, linakuwa kama matofali. Kwa mbele radiatere inaonekana safi, kwa sababu mbele yake kuna kondansa ya klima. Uchafu wote umejificha katikati ya hivyo viwili. Kuosha kunafanywa kutoka upande wa moteri kwenda mbele, ili vumbi litoke kwa njia lililoingilia, na maji ya nguvu ndogo. Mashine kali za kuoshea magari zinalaza mapezi, na pezi likilala upepo haupiti tena hata kama linang'aa.

Kama mapezi ni safi, basi uchafu uko ndani. Moteri ikiwa ya moto na imezimwa, pitisha mkono karibu na radiatere bila kugusa: sehemu iliyo baridi peke yake katikati ya joto ni vijia vilivyoziba.

Ikichemka haraka, dakika chache baada ya kuwasha, shika diriti ya juu na ya chini kwa uangalifu. Moja ni ya moto kabisa na nyingine baridi? Maji hayazunguki. Termostati imebaki imefungwa, au pompi haisukumi. Pompi iliyochoka huacha alama: maji yanadondoka chini yake, inalia, au gurudumu lake linacheza ukilitikisa. Na usisahau mkanda unaoizungusha. Ukilegea au ukikatika, pompi mpya haisaidii kitu.

Ikipoteza maji bila kuchemka, tandika katoni kavu chini ya gari usiku kucha. Asubuhi katoni itakuonyesha linavuja wapi. Katoni ikiwa kavu na maji bado yanapungua, yanaingia mahali pabaya, na tutafika huko.

Termostati inayotupwa

Katika garaji nyingi za mji huu kuna dawa moja inayotolewa kwa kila gari inayochemka: toa termostati, tupa. Eti termostati ni ya nchi za baridi, huku Afrika haina kazi.

Hoja hiyo haisimami. Termostati inafunga maji yasipite kwenye radiatere mpaka moteri ipate joto lake, digri 82 au 88 kwa kawaida, kisha inafungua. Bila hiyo moteri inachelewa kupata joto, inakunywa mafuta zaidi, na vyuma vinakwisha haraka kwa sababu mafuta ya moteri bado ni mazito. Asubuhi za mwezi wa sita na wa saba Kolwezi zina baridi ya kweli, kila mtu anayetoka na koti anajua.

Kuna jambo baya zaidi. Katika moteri nyingi, zikiwemo nyingi za Toyota, termostati inapofungua njia ya radiatere, upande wake wa nyuma unaziba njia ya mkato ambayo maji yanapitia wakati moteri ni baridi. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Sehemu ya maji inazunguka ndani ya moteri bila kufika kwenye radiatere. Kwa hiyo gari inaweza kuchemka zaidi, hasa ikipanda, na shofere anaambiwa tena abadilishe radiatere.

Kuipima termostati hakuhitaji mashine. Itumbukize kwenye sufuria ya maji juu ya makala, ishikwe na uzi isiguse chini. Kabla maji hayajachemka vizuri, lazima ionekane inafunguka. Isipofunguka, hiyo ndiyo ya kutupa, na mpya iwekwe mahali pake.

Maji gani?

Maji matupu yanatoa joto vizuri, hilo ni kweli. Shida ni kile kinachokuja pamoja nayo. Maji ya foraji mara nyingi yana chokaa. Tazama sufuria ya nyumbani: kama kuna ukoko mweupe chini baada ya kuchemsha maji mara nyingi, ukoko ule ule unajengeka ndani ya moteri. Maji ya mto au ya shimo karibu na machimbo na viwanda ni ya kuogopwa zaidi. Kazi ya kutoa shaba na kobalti inatumia asidi ya salfa, na maji yenye asidi yanakula aluminyo. Maji ya mvua yaliyokingwa safi ni bora kuliko hayo yote, ukikosa maji ya batri.

Likwidi ya radiatere, ile ya kijani, nyekundu au ya rozi, inafanya mambo mawili yanayotuhusu: inazuia kutu na inapandisha joto la kuchemka. Kuhusu baridi ya barafu, huku hatuna haja sana. Lakini rangi si ushahidi. Kuna bidoni zinazouzwa ambazo ni maji yaliyotiwa rangi. Jaribio moja linasaidia: tia kidogo kwenye chupa ndogo, funga sana, andika SUMU juu yake, iache kwenye frigo ya kugandisha usiku mzima, kama SNEL haijakata umeme. Likwidi nzuri iliyochanganywa nusu kwa nusu haigandi pale. Ikiwa barafu ngumu asubuhi, umenunua maji kwa bei ya likwidi.

Chupa hiyo isikae karibu na vinywaji hata kidogo. Likwidi hii ina ladha tamu na inaua; mtoto, mbuzi au mbwa akinywa kiasi kidogo figo zinaharibika. Ile ya zamani inayotolewa garajini isimwagwe kwenye mfereji wala karibu na kisima.

Na zile dawa za njiani, pilipili ya unga au yai ndani ya radiatere? Zinaziba tundu, ni kweli, zinakufikisha nyumbani. Kisha zinaziba na vijia vingine vyote.

Ikichemka njiani

Zima klima. Kama kuna shofaji, ifungulie mpaka mwisho, hata kama abiria watalalamika: ni radiatere ndogo ya pili, inatoa joto kwenye moteri. Tafuta mahali salama pa kusimama, si baada ya kilometa tano, sasa. Zima moteri.

Usifungue bushoni. Maji yaliyogandamizwa kwa digri 110, ukiondoa mgandamizo, yanageuka mvuke kwa sekunde moja na kuruka usoni. Ngoja nusu saa au zaidi, mpaka diriti ya juu ishikike na isiwe ngumu mkononi. Kisha weka kitambaa kinene, geuza uso, zungusha robo, acha ipumue, ndipo umalize. Aliyeungua apozwe kwa maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, halafu aende hospitali. Dawa ya meno na mafuta visipakwe.

Maji baridi yasimiminwe kwenye moteri ya moto. Chuma kinachopozwa upande mmoja kwa ghafla kinapasuka. Mimina kidogo kidogo, moteri ikiwa imepoa.

Mshale wa tablo nao una udanganyifu wake. Kile kinachopima joto kinakaa ndani ya maji. Maji yakiisha kabisa, kinabaki hewani, na mshale unaweza kushuka kwenye baridi wakati moteri inaungua. Mshale uliokuwa juu ukianguka wenyewe bila sababu, hiyo si habari njema, simama.

Inapofika kwenye joanti ya kulasi

Kati ya bloku na kulasi kuna joanti nyembamba inayotenganisha vitu vitatu: moto, maji na mafuta. Kulasi ya magari mengi ni aluminyo, na aluminyo ikipata joto inapanuka karibu mara mbili ya chuma. Ikichemshwa mara kwa mara inapinda, joanti inaachia, na vitu hivyo vitatu vinakutana.

Dalili zake ni hizi: maji yanapungua bila katoni kulowa, moshi mweupe mzito nyuma hata gari ikiwa imeshapata joto, mafuta ya moteri yanakuwa kama chai ya maziwa, diriti inakuwa ngumu kama jiwe dakika mbili baada ya kuwasha moteri baridi. Nyingine: fungua bushoni asubuhi moteri ikiwa baridi, washa, tazama ndani. Mapovu yasiyoisha ni hewa ya moto inayoingia kwenye maji.

Hapo gari isiendeshwe tena. Mafuta yaliyochanganyika na maji hayalindi vyuma, na safari moja ya kufika sokoni inaweza kumaliza moteri nzima. Na joanti mpya peke yake haitoshi: kulasi ipimwe kwa rula ya chuma iliyonyooka na, ikiwa imepinda, ipelekwe kusawazishwa kwa mashine. Fundi anayebandika joanti mpya juu ya kulasi iliyopinda atakupokea tena baada ya muda mfupi. Boloti zikazwe kwa ufunguo wa kipimo na kwa mpangilio wake, si kwa nguvu za mkono.

Baada ya kazi yoyote ya maji, hewa lazima itolewe. Gari iinuliwe kidogo mbele, bushoni ikiwa wazi, shofaji ikiwa imefunguliwa, moteri iunguruме mpaka termostati ifunguke na mapovu yaishe, huku maji yakiongezwa. Kisha kwa siku tatu, kila asubuhi kabla ya kuwasha, shofere apime maji mwenyewe. Yakishuka tena, gari irudi garajini siku hiyo hiyo, kabla ya abiria wa kwanza.